Mombasa si Ufuo Pekee: Ngome, Misikiti, Makanisa na Kengele Moja

Kabla sijaenda mbali ningependa kuwashukuru wahariri wa jarida letu kwa kunipa kurasa hizi, na mlezi wa chama kwa kunisumbua tangu muhula wa pili niandike. Nimeandika, mwalimu. Deni limelipwa.

Kama mjuavyo, chama chetu kimepanga kuzuru Mombasa, na kwa kuwa mimi ndiye mwanachama pekee ambaye kwao ni huko, kila mtu amenigeuza kamusi. Tukienda maktaba naulizwa, tukiwa foleni ya githeri naulizwa. "Tutaona nini mbali na bahari?" "Fort Jesus ni kanisa?" "Asiye Mwislamu anaruhusiwa kuingia msikitini?" Ukweli ninaouonea haya ni kwamba nilikuwa sijui. Nimezaliwa Kisauni, nimepita mbele ya Fort Jesus mara zisizo na idadi nikiwa ndani ya tuktuk, na sikuwahi kuingia hata siku moja. Nilidhani mahali pale ni pa wazungu wenye kamera na watoto wa shule kutoka bara. Sasa mimi mwenyewe ni mtoto wa shule ya bara, basi nikaona hapana budi.

Likizo ya Agosti ilipofika nilimwendea babu yangu, mzee wa miaka sabini na ushei aliyefanya kazi ya ukarani bandarini mpaka akastaafu. Nikamwamkia, nikamweleza haja yangu.

"Marahaba," akajibu. "Umechelewa miaka kumi na sita, lakini vaa viatu twende. Tena vaa vya kuvuliwa upesi, si hivyo vya kamba ndefu."

Sikumwelewa mpaka jioni. Wewe msomaji nakueleza mapema: katika ziara ya aina hii utavua viatu mara nyingi kuliko unavyodhani. Chukua malapa au viatu vyepesi. Wasichana wabebe leso au mtandio wa kujifunika kichwa, na wavulana kaptura ziachwe bwenini.

Tulianzia ngomeni. Wenyeji wa zamani huliita jumba hilo Ngome tu, na babu halitaji kwa jina jingine. Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, na ramani yake ilichorwa na Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Wakati huo Mfalme Filipo wa Uhispania ndiye aliyekuwa akitawala Ureno pia. Ukitazama ramani iliyobandikwa ndani utaona ngome ina umbo la mtu aliyelala, kichwa kikielekea baharini, mikono na miguu ikiwa ni zile buruji za pembeni. Si pambo. Pembe zile zilipimwa ili mlinzi aliyesimama kwenye moja amwone na kumpiga adui anayejaribu kuparamia ukuta wa pembe ya pili. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe, na mahali pengine huwezi kutofautisha mwamba ulipokoma na ukuta ulipoanza. Mwaka 2011 Shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mawimbi hayasomi orodha. Yalikuwa yakiula mwamba chini kidogo kidogo, hata ikabidi serikali ijenge ukuta wa kuyazuia upande wa bahari.

Husemwa kwamba kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome hii ilitekwa na kukombolewa mara tisa. Usijaribu kuzikariri zote kama za mtihani, utachanganyikiwa. Mimi nitakusimulia mbili.

Ya kwanza ni ya mtu aitwaye Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa mfalme wa Mombasa, akauawa mwaka 1614 baada ya kugombana na Wareno. Mtoto akachukuliwa akapelekwa Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadre, akabatizwa, akaitwa Dom Jeronimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima Wareno walimrudisha Mombasa awe mfalme wao, yaani mfalme kwa jina, huku nahodha wa ngome akimtazama kwa jicho la pembeni. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha, akateka ngome, akaurudia Uislamu na jina lake la Yusuf. Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliuawa katika siku zile. Mwaka uliofuata aliondoka mwenyewe akashika bahari, akawa haramia mpaka kufa kwake. Mwalimu wetu wa historia huenda akatuuliza kama alikuwa shujaa au muuaji. Nilipomuuliza babu alitazama baharini kidogo, akasema, "Alikuwa mtoto aliyebadilishwa jina." Akanyamaza. Wakati huo sikujua kwa nini jambo hilo limemgusa.

Ya pili ni ya mazingiwa. Waarabu wa Omani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi thelathini na mitatu! Ndani walikuwamo Wareno wachache na wenyeji wengi, wanaume kwa wanawake na watoto, waliokimbilia humo. Njaa iliwaua, na maradhi yakawaua zaidi ya risasi. Ilifika wakati katika mwaka 1697 nahodha Mreno akafa, na aliyeshika uongozi wa ngome alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, mpaka msaada ulipofika kutoka Goa. Jambo hili halimo vichwani mwa watu wengi. Sisi husema "Wareno walizingirwa na Waarabu" kana kwamba wenyeji walikuwa wamekwenda sokoni. Omani walipoingia hatimaye, waliokuwa hai ndani walihesabika kwa vidole. Moja ya meli za Wareno zilizokuja kuokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980, na vyombo walivyovitoa vimewekwa katika jumba la makumbusho humo humo ngomeni.

Usitoke kabla hujaiona michoro ya mabaharia wa Kireno. Ni picha za meli, samaki na watu zilizochorwa ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, na zimechorwa ovyo kama zile za madawati yetu. Nilizipenda kuliko mizinga.

Kisha kuna jambo ambalo mwongozaji wageni hulipita haraka. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa jela. Kwa wazee wa Mombasa "kupelekwa ngomeni" hakukuwa kwenda kutalii. Baada ya 1958 ilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, ikachimbuliwa na kugeuzwa makumbusho. Babu anakumbuka akiwa mtoto mamake akimvuta mkono wavuke upande wa pili wa barabara kila walipopita hapo. Kwa hivyo, ndugu zangu, hata yeye hakuwa ameingia mpaka alipokuwa mtu mzima, basi msinicheke sana.

Ukitoka ngomeni uko mlangoni mwa Mji wa Kale. Shika njia iitwayo Ndia Kuu. Usishangae jina. Sisi huku tumefunzwa kusema "njia", lakini Kimvita husema "ndia". Ukisikia wazee wa hapo wakizungumza utagundua kwamba Kiswahili cha kitabu ni kimoja tu kati ya watoto wengi wa mama mmoja. Muyaka bin Haji, malenga tunayemtaja kila tukijadili mashairi, alikuwa mtu wa mji huu huu, na alitunga kwa lugha hiyo mwanzoni mwa karne ya 19, siku za Mazrui. Vichochoro ni vyembamba, roshani za mbao zimening'inia juu, milango imechongwa maua. Mingine ni mipya iliyojifanya mikuukuu, na babu aliniambia nisiitazame sana wenyewe wakaninunulisha kitu.

Karibu na bandari ya kale utauona mnara mweupe mnene chini, mwembamba juu, mithili ya mshumaa ulioyeyuka kidogo. Huo ni Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida husemwa ulijengwa mwaka 1570. Hesabu mwenyewe: ulikuwapo kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la ngome. Wareno wamekwenda, Mazrui wamekwenda, Sultani wa Unguja amekwenda, Mwingereza amekwenda, na pale bado huadhiniwa mara tano kwa siku. Ng'ambo ya kichochoro kuna kisima cha maji baridi.

Swali la kuingia msikitini nitalijibu hivi. Babu yangu ni Mkristo, mimi pia. Tulisimama nje, babu akawaamkia wazee waliokuwa wameketi barazani, wakajuliana hali kwa muda mrefu sana, wakaulizana habari za watu waliokwisha kufa, na mwisho mzee mmoja akatuambia tukitaka kuona ndani tungoje Swala ya Adhuhuri iishe. Tulingoja. Tukavua viatu, tukatazama kutoka mlangoni. Ndani hakuna mapambo mengi, ni kuta nyeupe na mikeka. Kumbe ruhusa hupatikana, lakini hupatikana kwa salamu. Msije watu arobaini na simu juu kama mlioona ajali.

Hapo chini kidogo kuna ngazi za Leven zinazoteremka hadi majini, zilizopewa jina la meli ya Kiingereza. Mwaka 1824 nahodha wa meli hiyo, Owen, alikubali ombi la Mazrui la kupandisha bendera ya Uingereza ili wajikinge na Seyyid Said. London hawakulipenda jambo hilo, na kufikia 1826 bendera ikateremshwa. Ofisa aliyeachwa asimamie, Reitz, alikufa kwa homa mwaka huo huo wa 1824. Ndiye aliyeacha jina la Port Reitz.

Sasa nifike penye aibu yangu. Katika barabara ya Langoni kuna hekalu la Wajaini, jeupe pe, la marumaru, lililojengwa mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru. Nguzo zake zimechongwa kutoka chini hadi juu, na milangoni mmesimama sanamu za walinzi wenye nguo za rangi. Wajaini ni watu wa dini kongwe ya Bara Hindi ambao msingi wa imani yao ni kutodhuru kiumbe chochote, hata mdudu. Kwa sababu hiyo huruhusiwi kuingia na kitu chochote cha ngozi. Nilivua viatu, nikaona nimemaliza. Mlinzi akanionyesha kiuno. Mshipi! Nami suruali niliyovaa ilikuwa ya kaka yangu. Basi nililizunguka hekalu lote mkono mmoja ukiwa umeshikilia suruali, huku babu akijifanya anatazama dari. Wavulana, mmeonywa. Chakula pia kiachwe nje.

Wahindu nao wana mahekalu kadhaa kisiwani, ya Swaminarayan na ya Shiva. Yale hatukuyafikia kwa kuwa babu alidai miguu yake si ya ujana. Tulikula pilau na kachumbari, tukapumzika.

Alasiri tuliyaona makanisa mawili makubwa, na hapa nitatoa maoni yangu bila kuogopa mtu. Lile la Kikatoliki, Holy Ghost, lina minara miwili na ukiliona unajua hapa ni kanisa la Ulaya lililosafirishwa. Ni zuri, halina kasoro. Lakini la Kianglikana lililoko Nkrumah Road ndilo lililonisimamisha. Lina kuba la rangi ya fedha na matao ya Kiarabu, hata mgeni akipita upesi husema ni msikiti. Lilijengwa kati ya 1903 na 1905 kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na wenzake waliotangulia. Ramani yake ni ya J. H. Sinclair, yule yule aliyechora pia Jumba la Amani la Unguja. Nafikiri Sinclair alitazama mji alioko kabla ya kuchora. Si kila mjenzi hufanya hivyo.

Pembe za ndovu za Moi Avenue mtaziona tu, mtake msitake. Ni za bati la aluminiamu, ziliwekwa miaka ya 1950 kuwapokea jamaa wa kifalme wa Uingereza. Pigeni picha tuendelee. Ninachowaomba ni mteremke Jomo Kenyatta Avenue mpaka kwenye sanamu za askari Waafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza. Zilisimamishwa mwaka 1927, na kuna za namna hiyo Nairobi na Dar es Salaam. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi, wale watu wa Carrier Corps ambao jina la kikosi chao ndilo lililozaa jina Kariakoo. Yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

"Majina yako wapi?" babu akauliza.

Tulizunguka sanamu. Hakuna hata moja.

Tukamalizia Mbaraki kwa tuktuk, jua likishuka. Pale kuna nguzo ndefu ya matumbawe iliyo wazi ndani, kando ya msikiti wa kale. Nguzo hiyo ilikuwapo mwanzoni mwa karne ya 18. Wako waaminio kwamba ilijengwa kuwa makao ya jini, na mpaka leo watu huacha humo marashi na ubani. Tuliziona chupa za marashi. Sikuzigusa, na wewe usiguse.

Nilidhani ziara imekwisha. Asubuhi iliyofuata babu akaniamsha. "Jana ulitazama ya wenzetu. Leo ni yetu."

Tulianzia upande wa Nyali, karibu na daraja, kwenye ukumbusho wa Johann Ludwig Krapf. Sisi wanachama wa Kiswahili tuna deni kwa Mjerumani huyu. Alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na mkewe Rosina aliyekuwa mjamzito. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mke na mtoto mchanga wakafa kwa homa, wakazikwa bara hii ya kaskazini ya kisiwa. Alibaki peke yake, akajifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Tafakari hilo: mmisionari na kadhi wakitafuta neno pamoja. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla.

Kutoka hapo tulipanda matatu. Ni njia niliyoipita tangu utotoni, na kila siku makanga hupiga bati na kuita, "Kengeleni! Wa Kengeleni!" Nami sikuwahi kujiuliza ni kengele gani. Babu akashuka, nikamfuata. Iko pale kando ya barabara kuu, kengele imetundikwa kwenye tao la mawe, na magari yanapiga honi huku na huku. Hakuna foleni ya watalii wala tikiti.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja na serikali ya Uingereza, na mwaka huo Sultani Barghash akalazimika kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Lakini majahazi yaliendelea kuwavusha watu kwa siri, na manowari za Waingereza ziliyakamata. Swali likawa: watu hawa waliokombolewa baharini, waliochukuliwa mbali na kwao, wengine watoto wasiojua hata walikotoka, watapelekwa wapi? Ndipo Kanisa la CMS likanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1875 likaanzisha kijiji kilichopewa jina la Frere Town. Ni mwaka ule ule ambao manowari za Waingereza zilipiga mizinga Ngome ile tuliyoiona, kumtoa akida aliyemwasi Sultani. Wa kwanza kuja walikuwa pamoja na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa zamani wakasomeshwa Bara Hindi. Kukawa na shule, kanisa, mashamba. Wenye watumwa wa pwani hawakupendezwa, maana waliotoroka walikimbilia humo, na mara kwa mara kulikuwa na vitisho vya kukivamia kijiji. Kengele iliwaita watu kanisani, na ilipigwa pia kuwaonya kwamba hatari inakuja.

Watu hao waliitwa Wamisheni. Wengi asili yao ilikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo wa kusini. Kanisa lao la Emmanuel liko hapo jirani hadi leo. Chuo cha dini kilichoanzia hapo mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na ndicho tunachokiita leo St. Paul's University. James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa. Na Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa "Je, Huu ni Ungwana?" aliyefariki Februari 2025, alikuwa wa ukoo huo huo.

"Na sisi pia," babu akasema.

Ndugu msomaji, wanabweni wenzangu wanajua kwamba tangu kidato cha kwanza kuna swali moja ambalo hunikwama kooni. "Wewe ni kabila gani?" Wengine hujibu kabla swali halijaisha. Mimi hujibu "mtu wa Mombasa", na watu hucheka, wanasema Mombasa si kabila. Kuna fomu moja niliyowahi kuijaza nikaacha nafasi hiyo wazi, ikarudishwa niijaze upya. Nyumbani nilipouliza niliambiwa nenda ukasome.

Pale chini ya kengele babu alinieleza kwamba babu yake yeye aliletwa Frere Town akiwa mtoto mdogo. Alitekwa mahali karibu na ziwa, yaani Nyasa, akatembezwa mpaka pwani, akatiwa jahazini, na jahazi likakamatwa. Alipobatizwa alipewa jina la Kikristo, nalo ndilo jina la ukoo wetu linaloandikwa kwenye rejista ya darasa. Jina alilopewa na mamake hakuna alijuaye. Huenda hata mwenyewe alilisahau. Wazee hawakupenda kuzungumzia jambo hili, kwa kuwa kuna watu walioligeuza tusi, na mpaka babu alipokuwa kijana ungeweza kukosa mchumba kwa sababu yake.

Nikamwambia kwamba shuleni huwa tunafungua insha kwa methali "Mwacha mila ni mtumwa." Nilitaka tu kuonyesha nimesoma. Babu akanitazama. "Na aliyenyang'anywa mila, yeye ni nani?" Sikuwa na jibu, na sijalipata. Mwalimu, nikiitumia methali hiyo tena itakuwa kwa kulazimishwa.

Halafu akaniambia kitu kingine. Nyumbani kwetu, tangu nikiwa mdogo, babu akiwa na kiu husema, "Nipe mesi." Sisi wajukuu tulidhani ni mzaha wake, tukamwita Babu Mesi kwa siri. Kumbe ni maji kwa Kiyao. Babu yake alikuwa akiomba maji kwa neno hilo mpaka siku ya kufa kwake, na ndilo pekee lililobaki katika lugha ya mamake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, si mbali. Alipoketi kwenye kiti chake ukumbini nikamletea kikombe kabla hajaniita.

Basi huo ndio mpango ninaoupendekeza kwa chama. Siku ya kwanza Ngome, Mji wa Kale, hekalu na makanisa, tukiwa tumevaa malapa na bila mshipi wa ngozi. Siku ya pili tuvuke daraja la Nyali, tupande matatu ya Kisauni, tushuke Kengeleni. Kengele ni rahisi kuikosa kwa sababu ya vibanda na pikipiki, na ukimuuliza makanga atakuonyesha stendi. Muulizeni mzee yeyote aliyeketi kivulini. Muanze kwa shikamoo, na msiwe na haraka.